Juma Ambalo Hatukusikiliza Redio

Ensley, Birmingham, Alabama
Jumatatu, 11 Oktoba 1993

Kwa Bi. Renita Marbury,
Mkuu wa Vipindi,
Redio Mlima Mwekundu.

Mheshimiwa Bibi,

YAH: OMBI LA KUTOFUTWA KWA SAA YA WAGONJWA NA WALIOFIWA

Kwa heshima na taadhima ninakuletea barua hii, na kusudi lake nalitaja mwanzoni ili nisikupotezee muda. Ninaomba kipindi cha Jumapili saa mbili asubuhi, ambamo Dada Lovie Cobb husoma majina ya wagonjwa wasioweza kutoka nyumbani, na ya waliofariki katika juma lililopita, kisifutwe.

Habari za kufutwa kwake nilizipata kwa kinyozi. Kijana aliyekuwa kitini alisema, “Ile stesheni ya mazishi? Iacheni ife, itajisomea jina lake yenyewe.” Watu walicheka. Mimi sikucheka, nikangoja zamu yangu, nikanyolewa, nikarudi nyumbani kuandika.

Naomba nijitambulishe. Mimi ni Hosea Pettway, mwenye umri wa miaka hamsini na minne, shemasi, na mfanyakazi wa miaka ishirini na sita katika kiwanda cha mabomba ya chuma hadi kilipofunga malango. Masomo yangu ya darasani yaliishia darasa la tano, kwa sababu ya kuchuma pamba. Yaliyosalia niliyatwaa katika kamusi, ukurasa kwa ukurasa, wakati wa mapumziko ya kazi, na ninaamini kwamba hutaona kosa katika barua hii.

Mke wangu ni Ozella, mwenye umri wa miaka hamsini na miwili. Miaka sita iliyopita kiharusi kilimnyang'anya usemi pamoja na upande wake wote wa kuume. Tangu hapo, kila Jumapili, Dada Lovie husoma: “Bi. Ozella Pettway, wa Ensley, yupo nyumbani, na Bwana yupo naye.” Jina hilo likitajwa, mke wangu huinua mkono wake wa kushoto, kama mwanafunzi aitikiaye mwalimu anapoita majina asubuhi. Katika juma zima hakuna tendo jingine alitendalo kwa hiari yake. Daktari aliandika kwamba haelewi maneno. Daktari hajapata kuja nyumbani kwetu Jumapili saa mbili.

Kwa hiyo, Bibi, kinachoombwa hapa si burudani. Asiposikia jina lake, sijui ni nani mwingine atakayemjulisha kwamba bado yumo miongoni mwetu.

Naomba nijibiwe kwa maandishi.

Wako mtiifu,
Hosea J. Pettway


Redio Mlima Mwekundu
19 Oktoba 1993

Shemasi Pettway,

Shikamoo. Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya pili nikiwa nimesimama. Mimi mwenyewe ni mtoto wa Ensley. Bibi yangu alisomwa na Dada Lovie miezi minne akiwa mgonjwa, kisha mara moja akiwa maiti, na mama yangu alinunua kanda akairekodi ile ya mwisho.

Sitakuficha hali ilivyo. Tangu Joto FM waingie mjini mwezi Juni wamefanya jambo moja tu: rapu na nyimbo za mapenzi za mwaka huu, kumi mfululizo, bila mtu kuongea. Katika kiangazi kimoja wametuchukulia watoto wote. Sisi tunapiga kila kitu: injili alfajiri, soul mchana, bluzi jioni, na vifo Jumapili. Stesheni ya kila mtu ilikuwa ndiyo fahari yetu wakati tukiwa peke yetu. Sasa tuko wawili, na kila mtu anataka yake.

Njia ni mbili. Tuwafuate vijana, tupigane na Joto FM uso kwa uso. Au tuwaachie vijana, sisi tuwe stesheni ya watu wazima, soul ya zamani na ya sasa, na Jumapili ibaki kama ilivyo. Hii ya pili ndiyo ninayoipigania. Bwana Lassiter, mwenye stesheni, ameniambia, “Renita, niletee namba za wasikilizaji. Watu wazima wakishika, tunabaki nao. Wakilegea, nitapiga hata makopo, mradi vijana wayacheze.”

Namba hutoka kwenye madaftari. Kuanzia Septemba hadi Desemba kampuni ya takwimu huchagua nyumba chache kwa bahati nasibu, na kila mtu wa nyumba hiyo hupewa kijidaftari aandike kwa juma moja alichosikia na saa alizosikia. Nyumba za watu weusi zinazorudisha ni chache, kwa hiyo kila daftari la kwetu husimama badala ya watu elfu na zaidi. Watangazaji wa sabuni na magari hununua umri wa ishirini na mitano hadi hamsini na minne. Ukitimiza hamsini na mitano, Shemasi, kwa biashara yetu umeshazikwa, hata kama bado unapanda ngazi mbili mbili.

Siruhusiwi kujua nani kapewa daftari, wala kumwomba mtu aandike chochote. Stesheni inayojaribu hufutwa kitabuni, yaani katika orodha ya namba za msimu. Kwa hiyo sikuulizi, na wewe usiniambie. Namba zitatoka Januari. Mpaka hapo kipindi kipo.

Msalimie Bi. Ozella. Mwambie jina lake liko kwenye orodha.

Renita Marbury


Ensley
Jumatatu, 22 Novemba 1993

Mheshimiwa Bi. Marbury,

Nakushukuru kwa jibu lako la tarehe 19 Oktoba, ambalo nimelihifadhi katika Biblia.

Ninakuarifu kwamba mke wangu alilazwa hospitalini kuanzia Jumanne tarehe 2 hadi Jumamosi tarehe 13 ya mwezi huu, kwa sababu ya maji katika mapafu. Nilikaa naye siku zote hizo. Redio yetu ilibaki jikoni ikiwa imezimwa, jambo ambalo halijapata kutokea tangu tuhamie katika nyumba hii.

Hata hivyo Mungu hakutuacha. Mfagizi wa wodi hiyo, mama mmoja aitwaye Eula, hutembea na redio ndogo iliyofungwa kwenye ndoo yake. Jumapili ya tarehe 7 alikuwa akipiga deki mlangoni petu, na Dada Lovie akalitaja jina la mke wangu. Mkono uliinuka, pamoja na mpira wa dawa na yote. Mama Eula akaniuliza, “Mbona ananipungia? Anataka maji?” Nikamwambia, “Hapana, dada. Ameitwa, naye ameitika.” Tangu siku ile aliiacha redio hiyo kwenye kiti mlangoni kila asubuhi, akawa anaifuata wakati wa kurudi nyumbani kwake. “Shemasi,” alisema, “leo sakafu itasafishwa kimya kimya.”

Katika siku hizohizo nilikuwa na wajibu mwingine wa heshima, ambao mimi na mke wangu tulikabidhiwa bila kuutafuta. Kwa kutii maelekezo yake, na kwa kutii barua yako, silitaji jina lake. Nasema tu kwamba nimeutimiza kwa uaminifu kamili, na sikujiandikia hata chembe isiyokuwa haki yangu.

Tunangoja Januari kwa matumaini.

Wako mtiifu,
Hosea J. Pettway


Titusville, Birmingham
17 Januari 1994

Hosea, mdogo wangu katika imani,

Acha kumwandikia yule binti Renita kama wakili wa serikali, unamtisha. Juzi nilimkuta ofisini ameshika barua yako na kamusi. Nikamwambia, “Huyo ni Hosea, hata akiomba chumvi mezani huanza na mheshimiwa.” Alicheka, ila kidogo tu.

Namba zimetoka. Bora uzisikie kwangu. Vijana tuliwakosa, hilo tulilijua. Lakini watu wazima, wale tuliosema watatubeba, wameporomoka. Walioanguka zaidi ni wa miaka arobaini na mitano hadi hamsini na minne. Renita amezishika zile karatasi siku nzima akisema, “Haiwezekani. Hawa hawana pa kwenda. Hakuna stesheni nyingine inayowapigia chochote.” Anataka kwenda Maryland, makao makuu ya kampuni ya takwimu. Huko ukiomba wanakukalisha mezani wanakuletea madaftari yenyewe uyasome. Anaamini kuna makosa.

Lassiter amekwisha kata shauri. Aliniambia, “Lovie, maiti hawanunui sabuni.” Nikamwambia, “Jamaa zao huoga kabla ya mazishi.” Akasema, “Dada, wewe ni mchekeshaji kuliko wote hapa, ndiyo maana unaniuma.” Miaka thelathini na moja, Hosea. Niliwasoma wale wasichana wanne waliouawa na bomu kanisani, na nikawasoma wazee wao waliowafuata. Nimewasoma watu ambao hata makanisa yao yaliwasahau.

Ozella anakula? Mpe mchuzi wa mboga, usimpe viazi, vinamkaba. Jumapili nitalisema jina lake polepole.

Lovie


Laurel, Maryland
9 Februari 1994

Dada Lovie,

Nakuandikia badala ya kupiga simu, kwa sababu simu ya stesheni huipokea kila mtu. Theluji imefunga barabara, sina pa kwenda, nina karatasi ya hoteli na kalamu.

Walinikalisha kwenye meza ndefu wakaniletea madaftari katika visanduku. Majina yameondolewa. Kinachobaki ni mtaa, umri, mwanamume au mwanamke, na mwandiko. Nilisoma tangu asubuhi. Unajua watu wetu wanavyoandika: “Yule mama wa Jumapili.” “Ile ya bluzi.” “Redio ya mama mkwe, siijui, iko juu ya friji.” Nilicheka mpaka nikaonywa.

Kisha nikafika Ensley. Madaftari mawili ya nyumba moja. Mwanamume, hamsini na minne. Mwanamke, hamsini na miwili. Mwandiko mmoja. Nimeuona mwandiko ule, Dada Lovie, uko kwenye faili langu, herufi zimesimama kama mashemasi kwenye benchi la mbele.

Kila ukurasa una kisanduku cha kutia alama: Sikusikiliza redio leo. Kimetiwa alama siku saba. Kwenye daftari la mama, siku saba.

Ukurasa wa mwisho huachwa kwa maoni. Nimenakili neno kwa neno:

“Waheshimiwa, katika juma hili mimi na mke wangu tulikuwa hospitalini na redio yetu haikuwapo. Ni kweli kwamba tuliisikia Redio Mlima Mwekundu siku nne, ikiwamo Jumapili, kwa redio ya mama mfagizi. Maelekezo yenu yanasema kwamba hiyo nayo ihesabiwe. Lakini redio ni yake na chaguo ni lake, na mimi sijazoea kuandika mali ya mwenzangu kwa jina langu. Noti za dola moja moja mlizotuwekea ninazirudisha, kwa kuwa kazi mliyotuomba hatukuifanya.”

Nilimuuliza yule kijana wao, “Haya maoni yanahesabiwa?” Akasema, “Hapana, mama, hayo tunayasoma tu. Tunahesabu visanduku.”

Siku nne, asubuhi mpaka jioni. Watu wawili, umri uleule. Nimepiga hesabu mara tatu. Wangeziandika siku zile nne, tungekuwa palepale tulipokuwa mwaka jana, na Lassiter angekosa neno. Nilikuwa nikitafuta mwizi. Nimemkuta mtu mwaminifu.

Usimwambie. Nakuomba kwa jina la bibi yangu, usimwambie. Huyo mtu ataacha kula.

Renita


Redio Mlima Mwekundu
18 Februari 1994

Shemasi Pettway,

Ninasikitika kukuarifu kwamba ombi lako limekataliwa. Mwenye stesheni ameamua kwamba kuanzia Jumatatu tarehe 28 tutabadilisha mtindo wa vipindi na jina. Kipindi cha Dada Lovie kitasikika kwa mara ya mwisho Jumapili tarehe 27.

Nilijitahidi. Nataka ujue pia kwamba uamuzi huu umetokana na hali ya biashara ya nchi nzima. Hakuna msikilizaji mmoja, wala nyumba moja, ambayo ingeweza kuubadilisha, kwa vyovyote vile.

Mimi nimeombwa nibaki nisimamie mtindo mpya. Nimekubali. Nina watoto wawili.

Tafadhali nisamehe.

Renita Marbury


Ensley
Jumatatu, 14 Machi 1994

Mheshimiwa Bi. Marbury,

YAH: MAELEZO YA YALIYOTOKEA, NA SWALI MOJA

Barua yako ya tarehe 18 Februari niliipokea. Siku ya tarehe 27 Dada Lovie alisoma majina sitini na mawili, na la mke wangu akalisoma mwisho. Mkono uliinuka ukakaa juu hadi kinanda cha kufungia kipindi kilipokoma.

Jumapili iliyofuata, tarehe 6 Machi, niliiwasha redio saa mbili kasoro dakika tano, kama ilivyo desturi yetu, kwa maana sikupata njia ya kumweleza. Kijana mmoja alikuwa akitangaza kwamba yeyote atakayekuwa wa tisa kupiga simu atapewa viatu. Baada yake ulifuata wimbo ambao maneno yake siyaandiki. Mke wangu alikuwa ameuweka mkono wake wa kushoto juu ya blanketi, kiganja chini, kama auwekavyo kabla ya kuitwa. Aliuweka hivyo tangu saa mbili hadi saa nne kasoro robo. Kisha akauingiza ndani ya blanketi.

Jumapili ya jana nilijaribu njia nyingine. Nilizima redio, nikasimama nyuma ya mlango wa jikoni nikiwa na karatasi ya matangazo ya kanisa, nikasoma majina ya wagonjwa kwa sauti nyembamba, kwa mfano wa Dada Lovie. Nilipofika kwa Bi. Ozella Pettway wa Ensley, nilichungulia. Alikuwa akinitazama. Hakuinua mkono. Alinitazama kama mtu amtazamavyo mume wake aliyelewa, akanihurumia, akageuza uso ukutani.

Jina ambalo mume analitaja jikoni si ushahidi wa lolote. Ilimpasa aitwe na watu.

Sasa nakuja kwenye swali. Tarehe 19 Oktoba uliniandikia kwamba kila daftari la watu wetu husimama badala ya watu elfu na zaidi. Tarehe 18 Februari umeniandikia kwamba hakuna nyumba moja ambayo ingeweza kubadilisha chochote. Nimeziweka barua hizo mbili sambamba mezani. Zote zina saini yako, nazo haziwezi kuwa kweli kwa pamoja.

Kwa kuwa kitabu cha vuli kimekwisha kufungwa, ninaamini kwamba katazo limekwisha, na ninasema wazi: mimi na mke wangu tulipewa madaftari, kwa juma la tarehe 4 hadi 10 Novemba. Nilitia alama kwamba hatukusikiliza. Redio ya Mama Eula sikuiandika, kwa sababu niliona ni kujitwalia cha mwenzangu.

Ninauliza: je, nilipaswa kuiandika, na je, ilikuwa na uzito? Naomba nijibiwe ndiyo au hapana.

Wako mtiifu,
Hosea J. Pettway


KISHINDO FM
Nyumbani kwa Nyimbo Kumi na Mbili Bila Kupumua

21 Machi 1994

Mpendwa Msikilizaji,

Asante kwa kuwasiliana na KISHINDO FM! Tunapokea barua nyingi kutoka kwa mashabiki wetu, kwa hiyo hatuwezi kumjibu kila mmoja. Ndani ya bahasha hii utakuta kibandiko cha gari. Kibandike mahali panapoonekana, na gari letu la zawadi likikuona barabarani unaweza kujishindia tiketi mbili!

Endelea kusikiliza!

Idara ya Vipindi


Titusville
28 Machi 1994

Hosea,

Nimesikia uliletewa kibandiko. Renita hakukituma yeye. Barua yako alipelekewa, akaisoma akaiweka mkobani, na huku msichana wa mapokezi anatuma vibandiko kwa kila jina lililo kwenye daftari la barua. Nilimwambia, “Basi mjibu mwenyewe.” Akasema, “Nimeanza mara sita, Dada Lovie. Nikiandika ndiyo namuua, nikiandika hapana atajua nadanganya, maana yule mtu huhifadhi barua.”

Nami nimejikuta nimekuandikia nilichokula kiapo nisikuandikie. Basi, ndiyo hivyo, nimezeeka.

Usimuulize tena. Wala usijiulize. Wewe ulifanya alichokufundisha mama yako, na dunia hii haikuwekewa kisanduku cha kutia alama kwa hilo.

Nilikuja Jumapili baada ya ibada kumsomea Ozella mwenyewe, uliniona. Nilikaa pale kitandani nikalisema jina lake kwa sauti yangu ileile. Alinishika shavu tu. Nadhani alifikiri nimekuja kumuaga.

Pika mchuzi. Kula na wewe.

Lovie


Ensley
Jumapili, 24 Aprili 1994

Kwa Bi. Renita Marbury,
Mkuu wa Vipindi,
Kishindo FM.

Mheshimiwa Bibi,

YAH: OMBI LA KUSOMWA KWA JINA MOJA, MARA MOJA

Kwa heshima ninakuarifu kwamba mke wangu, Ozella, alifariki Jumamosi tarehe 16 Aprili, saa nne asubuhi, nyumbani. Alizikwa jana. Dada Lovie aliimba, ingawa sauti yake imekwisha.

Swali langu la tarehe 14 Machi hukulijibu, na kunyamaza kwako kumenijibu. Sikulaumu. Ulikusudia kunifunika, nami najua thamani ya blanketi. Lakini kwa ajili ya kumbukumbu naandika mwenyewe kile ambacho hukutaka kukiandika: kipindi kile kiliuawa na mkono huu unaoandika. Sipingi tena uamuzi wa Bwana Lassiter. Alisema aletewe namba, naye aliletewa, na namba hizo mimi ndiye niliyeziandika, kwa mwandiko safi.

Nimelifikiri jambo hili usiku na mchana. Nilipokuwa nimeketi pale hospitalini nikitia alama visanduku, mke wangu alikuwa kitandani mbele yangu, na redio ilikuwa kwenye kiti, na Dada Lovie alikuwa akizungumza. Nilitia alama kwamba hatusikii, huku tunasikia. Nilijivuna. Nilijiambia kwamba huko Maryland mtu atalifungua daftari langu aseme, “Huyu ni mtu wa haki.” Kwa miaka sita mke wangu hakuwa na neno hata moja la kusema juu yake mwenyewe isipokuwa mkono ule, nami nilipoulizwa kwa maandishi kama alisikia, nilijibu kwa niaba yake kwamba hakusikia. Daktari aliandika jambo hilohilo, nami nilimdharau.

Zaidi ya hayo, mwezi Januari nilitimiza miaka hamsini na mitano. Kwa hesabu yenu mimi nimekwisha kutoka, na mke wangu ametoka kwa njia yake. Ensley nzima ina watu wa namna yetu. Jumapili saa mbili hukaa jikoni, redio zimezimwa, na hatujui ni nani kati yetu amekufa mpaka tuione nguo nyeusi kwenye kamba ya jirani.

Siombi kipindi kirudishwe. Siombi kinanda, wala Dada Lovie, wala dakika nzima. Ninaomba jina moja. Kwa miaka sita alisomwa miongoni mwa walio hai, naye hajapata kusomwa miongoni mwa wafu. Kwa watu waliomjua redioni, na wapo wengi wasiomjua kwa sura, Ozella Pettway bado yupo nyumbani. Hilo si kweli tena, na mimi siwezi kuacha jambo lisilo kweli likisimama kwa mara ya pili.

Maneno ni haya, nami nimeyapunguza kadiri niwezavyo: “Bi. Ozella Pettway, wa Ensley, amefariki.” Nimeyapima kwa saa ya mkononi. Yanachukua sekunde nne. Yanaweza kuwekwa kati ya wimbo na wimbo, yakasomwa na kijana yule wa viatu, hata kama hatajua anachokisoma.

Siku ninayoiomba ni Jumapili, tarehe 1 Mei, saa mbili asubuhi. Redio itakuwa wazi.

Naomba uamuzi wako kwa maandishi, kabla ya Jumamosi tarehe 30 Aprili: jina litasomwa, au halitasomwa.

Wako mtiifu,
Hosea J. Pettway